Kuandikwa Kazi: Somo la Mifumo ya Taarifa na Kiswahili cha Likasi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea katika taasisi ya elimu ya juu mjini Likasi kile ambacho Wakongo hukiita kwa Kifaransa informatique de gestion hukutana mapema na somo la utangulizi kuhusu mifumo ya taarifa katika biashara. Somo hilo hufundishwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Akitoka darasani, mwanafunzi huyo huyo hununua, huuza, husalimu na hugombana kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006.

Makala haya yanahakiki lugha na mantiki ya somo hilo. Hoja yake ni kwamba somo huanza mahali pasipofaa. Huanza na kompyuta na mchoro wa kampuni, kana kwamba Likasi haikujua mfumo wa taarifa kabla ya mashine hiyo kufika. Ukweli ni kwamba Likasi ni mji uliojengwa juu ya mfumo wa taarifa, na kumbukumbu ya mfumo huo imo katika Kiswahili cha wakazi wake. Ili kuibainisha hoja hii, mantiki ya somo italinganishwa na matini moja mashuhuri ya Kiswahili cha Katanga, yaani Vocabulaire ya André Yav.

2. Kampuni katika mchoro

Misingi ya somo ilitoka Ufaransa. Jean-Louis Le Moigne, katika kitabu chake cha nadharia ya mfumo cha 1977, aliwazoeza wasomaji wa Kifaransa kuiona kampuni kama mifumo mitatu inayopandana. Chini kuna mfumo wa utendaji, ambao huzalisha. Juu kuna mfumo wa uongozi, ambao huamua. Katikati kuna mfumo wa taarifa, ambao hupokea habari za kazi kutoka chini na kuzipeleka juu, kisha hushusha maamuzi. Mbinu ya Merise, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuelezwa na Hubert Tardieu na wenzake katika kitabu cha 1983, iliugeuza mtazamo huo kuwa hatua za kazi: kwanza data huchorwa kama dhana, kisha hupangwa katika majedwali, na mwisho huingizwa katika mashine.

Ubora wa mbinu hii hauna budi kukubaliwa. Inamlazimisha mwanafunzi kufikiri kabla ya kugusa kibodi, na kuuliza ni vitu gani kampuni inahitaji kuvijua na vinahusiana vipi. Hata hivyo, mchoro wenyewe una upofu wake. Mfanyakazi huonekana humo kama chanzo cha data: ana namba, cheo, siku alizofika kazini na mshahara. Ni nadra kuonekana kama msomaji wa data hiyo. Mishale inayopanda hubeba yanayomhusu. Inayoshuka hubeba amri. Hakuna mshale unaompa nafasi ya kusema kwamba jambo fulani limeandikwa vibaya. Mwanafunzi anaweza kuufaulu mtihani bila kuliona pengo hili. Lakini Likasi ni mahali ambapo pengo hili lina historia ndefu.

3. Mji ulioandikwa

Hadi 1966 Likasi iliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa fedha wa Ubelgiji walioiendesha Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo iliundwa mnamo 1906, na mnamo 1929 kiwanda chake cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi Shituru, kando ya mji. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 kampuni iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache na ikaanza kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao katika kambi. Uamuzi huo, ambao kwa kawaida huelezwa kama siasa ya kazi, ulikuwa pia uamuzi kuhusu taarifa. Kampuni iliyomlisha mfanyakazi, ikamtibu mkewe na kumsomesha mtoto wake ilihitaji kujua ana mke nani, watoto wangapi, na posho ya kiasi gani yamstahili. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, ambayo kwa Kifaransa huitwa matrikuli, na jalada lake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyeandika juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga katika Bana Shaba abandonnés par leur père cha 2001, ameonyesha jinsi kampuni hiyo ilivyojifanya baba wa wafanyakazi wake na kuingia hadi ndani ya nyumba zao.

Jalada lilikuwa la karatasi, na mtambo wake alikuwa karani. Lakini sehemu zote zitajwazo katika somo zilikuwamo: ukusanyaji, utunzaji, uchakataji na utoaji. Kenya ya kikoloni ilikuwa na mfano wake katika kipande, ambacho kwa miaka mingi wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kibati. Katika mifano yote miwili, anayeandikwa hubeba maandishi yanayomhusu bila kuwa na mamlaka juu yake.

Lugha ya Kiswahili inalijua jambo hili kuliko somo lenyewe. Kitenzi kuandika kina maana ya kuchora herufi, na kwa muda mrefu kimekuwa pia na maana ya kuajiri. Mtu huandikwa kazi. Kabla ya kushika sururu, ameshakuwa mstari katika daftari. Mhadhiri anayetafuta njia ya kuwaeleza wanafunzi wake kwamba kuajiriwa ni tendo la kitaarifa hana haja ya kwenda mbali. Kitenzi hiki kimekwisha kumfanyia nusu ya kazi.

4. Habari, taarifa na data

Swali la istilahi haliwezi kukwepwa hapa. Juhudi za kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kompyuta zimefanywa zaidi pwani na Tanzania. Mnamo 2004, kwa mfano, mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Tanzania imezoea kifupisho TEHAMA, ambamo teknolojia ni ya habari. Lakini mifumo yenyewe huitwa zaidi mifumo ya taarifa. Tofauti hii yaelekea kuwa ya bahati tu. Ikichunguzwa, ina maana kubwa.

Habari ni kitu ambacho watu hupeana. Ndiyo salamu ya kwanza, na anayeulizwa habari anayo haki ya kuuliza pia. Taarifa hutolewa: hutolewa polisi, hutolewa kwa mkubwa, hutolewa na serikali kwa wananchi. Neno la kwanza husafiri kati ya watu wa ngazi moja. La pili hupanda au hushuka. Kwa hiyo anayetafsiri somo na kuchagua taarifa peke yake amekubali, bila kujua, mchoro wa ngazi tatu pamoja na upofu wake. Anayechagua habari peke yake naye hupoteza wazo muhimu kwamba mfumo hupanga habari kwa ajili ya uamuzi. Yafaa maneno yote mawili yafundishwe pamoja: data kwa alama ambazo hazijapewa maana, habari kwa maana inayopatikana mtu anapozielewa alama hizo, na taarifa kwa habari iliyopangwa ili mtu fulani aamue jambo. Swali linalofuata ndilo lenye uzito: mtu huyo fulani ni nani?

5. Matini ya Yav kama mfumo wa habari

Mnamo 1965 André Yav alitunga, kwa niaba ya kundi la waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, kijitabu cha kupigwa taipu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ingawa jina lake ni la Kifaransa na laahidi msamiati, matini yenyewe ni historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mnamo 1990 katika History from Below, pamoja na tafsiri, insha ya ufafanuzi na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Mambo mawili katika matini hii yanalihusu somo moja kwa moja. La kwanza ni nafasi ya watoa habari. Mtumishi wa nyumbani hayumo katika mchoro wa kampuni, lakini aliyapika na kuyasikia mambo ya wakubwa pale ambapo wao walidhani hakuna msikilizaji. Katika mfumo rasmi, Mzungu alimwandika Mwafrika. Katika matini ya Yav, Mwafrika amewaandika Wazungu, kampuni zao na mji wao, na ameyafanya hayo kwa ajili ya wenzake. Hata jina ambalo wenyeji waliipa Union Minière, yaani Changa-Changa, halimo katika hati za usajili wa kampuni, ila lilikuwa hai midomoni mwa watu. Mshale uliokosekana katika mchoro umechorwa hapa.

La pili ni namna matini ilivyosomwa. Tahajia yake haifuati kanuni sanifu, na mipaka ya maneno mara nyingi haibainiki kwa jicho. Ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa Lubumbashi, aisome kwa sauti, ndipo maana yake ikaweza kufuatwa. Hakuna mfano bora zaidi wa mada ya kwanza ya somo. Herufi zilizopigwa taipu zilikuwa data. Ziligeuka habari zilipokutana na msomaji aliyeishi ndani ya lugha na mji ule. Somo hudai kwamba maana huzaliwa na uchakataji. Matini ya Yav inaonyesha kwamba maana huzaliwa pia na ujuzi wa mtu asomaye, na kwamba mtu huyo hawezi kubadilishwa kwa mwingine yeyote.

6. Mipaka na pingamizi

Matini hii isikwezwe kupita kiasi. Inasimulia habari za Elisabethville na maisha ya watumishi, si za Shituru na maisha ya wachimbaji. Tarehe na matukio yake yanahitaji kulinganishwa na vyanzo vingine. Anayeisoma kama rejista atakosea, sawa na anayeisoma rejista kama historia kamili.

Pingamizi zito zaidi huelekezwa kwa lugha. Husemwa kwamba Kiswahili cha Katanga kimechanganyika mno na Kifaransa na lugha za jirani hata hakiwezi kubeba somo la kitaalamu. Hoja hii haina nguvu. Msamiati wa biashara ambao Kiswahili sanifu hujivunia umetoka pengine pia: daftari na hesabu vimetoka Kiarabu, hundi imetoka Bara Hindi. Vilipokelewa kwa sababu wafanyabiashara walivihitaji. Mkazi wa Likasi anayeita barua mukanda na msimamizi kapita anafanya lile ambalo pwani ilifanya kabla yake. Jambo la kuulizwa ni kama neno linaeleweka kazini, wala si lilikozaliwa. Aidha, mwanafunzi hatadhurika akilijua neno la Likasi na la Dar es Salaam kwa pamoja.

7. Hitimisho

Mwaka 1967 mali za Union Minière zilikuwa zimeshachukuliwa na serikali, na kampuni iliyorithi ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka. Mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wengi wao hawakukubaliana na hesabu ya malipo yao ya mwisho, na mgogoro huo uliendelea kwa miaka. Watoto na wajukuu wa familia za namna hiyo ndio wanaoketi leo katika madarasa ya Likasi.

Kwao, swali la nani anaweza kusoma na kusahihisha rekodi halikutungwa kwa ajili ya mtihani. Miaka ya kazi ya mtu, watoto wake na haki yake vilikuwa ndani ya jalada, na aliyeandikwa humo hakuwa mwandishi wala msomaji wake. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 imeweka kanuni za kulinda data za watu binafsi. Lakini sheria humfaa tu anayejua kwamba ameandikwa, wapi, na kwa maneno gani.

Kwa mantiki hii, yapendekezwa somo la utangulizi lianze na hati moja ya zamani ya mshahara, isomwe darasani kwa sauti na kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Wanafunzi waulizwe ni nani aliyeiandika, aliandika kutokana na nini, nani aliisoma, na nani aliyeweza kuisahihisha. Merise ifuate baadaye, na itaeleweka upesi zaidi. Mhitimu aliyeanza hivyo, atakapochora jedwali lake la kwanza la wafanyakazi, atakumbuka kuacha nafasi ya jibu la aliyeandikwa.