Jambazi Asiye na Kabila

Kila mji una fundi wake wa filamu za kutafsiriwa: Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Nairobi ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Wa kwangu ni wa hapa Mapendo, mjini Goma, na jina lake haliko kwenye bango lolote. Hukaa nyuma ya chumba cha video, mikrofoni mkononi, kidole kwenye kitufe cha sauti, akisubiri mwigizaji avute pumzi ndipo aingie.

Nilimsikiliza kwa makini siku ya The Roundup, filamu ya Kikorea ya Lee Sang-yong iliyotoka mwaka 2022. Ma Dong-seok ni mpelelezi mwenye ngumi kama mchi. Ametumwa Vietnam kumchukua mtuhumiwa, akakuta Mkorea mwenzake anateka na kuua Wakorea. Kichekesho kikubwa ni Kiingereza cha kuokoteza cha mpelelezi huyo. Fundi alimgeuza kuwa mtu wa Kinshasa aliyeshuka Goma jana: “Naza polisi! Weye, yaka hapa!” Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Nani hapa hajawahi kusimamishwa barabarani kwa sauti kama ile?

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwa jambazi, Kang Hae-sang, anayeigizwa na Son Suk-ku. Rahisi ingekuwa kumpa lafudhi, watu wacheke. Tatizo ni kwamba kwetu lafudhi ina kabila, na kicheko cha video huweza kumfuata jirani mpaka nyumbani kwake. Kang akapewa Kiswahili cha taarifa ya habari, kimenyooka, hakina kijiji. Akatisha mara mbili. Nimewasikia watafsiri wenye majina makubwa wakishindwa jaribu hilo dogo, tena bila kujua kwamba lilikuwa jaribu.

Halafu Wavietnam. Hadithi inapita kwao, ila wao wamewekwa pembeni: wageni wanawindana kwa mapanga, wenyeji wanabaki mandhari. Huko kwao filamu hiyo ilikataliwa kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Hapa Mapendo, polisi mmoja wa Vietnam asiye na jina, aliyefungua mdomo kidogo tu, aliazimwa Kiswahili cha Goma: “Banakuya na vita yabo, banapigania kwetu, kisha banatuuliza njia!” Maneno hayo hayamo kwenye filamu, na mpenda usahihi atalalamika. Alalamike tu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo alipiga makofi peke yake.

Kuna pahali fundi anazidisha, hasa akianza kuwasalimia wenye maduka katikati ya mauaji. Ila pambano la mwisho, lile la ndani ya basi, hakuligusa. Aliweka mikrofoni mapajani, akaacha ngumi na vioo visikike vyenyewe. Basi lilipobaki mifupa mitupu ndipo akamuuliza kondakta: “Sasa konvuayeri, nani atamulipa viti?”