Jani la Mwarobaini na Chembe za Fedha: Kazi Ilivyofanyika

Mwaka 2004, watafiti wa kundi la Murali Sastry katika Maabara ya Taifa ya Kemia mjini Pune, India, walichapisha matokeo yaliyovuta macho ya wengi: maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini yaliweza kutengeneza chembe za nano za fedha. Awali walikuwa wametumia kuvu, na kazi ilikwenda polepole. Kwa jani iliharakika mno. Tangu hapo mlonge, mshubiri na mimea mingine chungu nzima imejaribiwa kwa njia hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Majani mabichi huoshwa, hukatwakatwa, huchemshwa kwa dakika chache, kisha maji yake huchujwa. Kiasi kidogo cha maji hayo hutiwa kwenye mmumunyo wa nitrati ya fedha, mara nyingi wa milimoli 1 kwa lita, yaani takriban gramu 0.17 za nitrati hiyo katika lita nzima. Mmumunyo huo hauna rangi. Ukichanganywa na maji ya majani huanza kugeuka manjano, halafu kahawia inayozidi kukolea.

Rangi hiyo ina sababu. Elektroni zilizo kwenye uso wa chembe ndogo za fedha hutikisika pamoja zinapopigwa na mwanga, na hufyonza zaidi mawimbi ya nanomita 400 hadi 450, upande wa zambarau na buluu. Mwanga unaobaki ndio unaofika jichoni kama manjano au kahawia. Ndiyo maana kipimo cha kwanza maabarani ni spektrofotometa. Kilele chembamba kwenye mchoro wake huashiria chembe ndogo zinazokaribiana ukubwa. Kikitanuka na kuhamia mawimbi marefu, chembe zimekua au zimeanza kugandamana. Hata hivyo, umbo na ukubwa wenyewe huonekana kwa hadubini ya elektroni.

Uzuri wa njia hii ni kwamba jani hubeba kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, viambato vyake huipa kila ioni ya fedha elektroni moja, na ioni huwa atomu ya metali. Pili, viambato vingine huzizunguka chembe changa na kuzizuia zisishikamane. Watafiti wa Pune waliamini kwamba katika mwarobaini kazi hiyo ya pili hufanywa na flavanoni na terpenoidi. Katika njia za kawaida, kazi ya kwanza huweza kupewa borohidridi ya sodiamu, kemikali kali yenye sumu, na mara nyingi huhitajika kiambato kingine cha kuzikinga chembe.

Lakini hapo hapo penye uzuri ndipo penye ugumu. Borohidridi ya kopo huja na kiwango cha usafi kilichoandikwa. Jani halina lebo. Umri wake, msimu, udongo wa mti na muda wa kuchemsha hubadilisha viambato, navyo hubadilisha chembe. Hata wenzetu wa Pune walipata chembe za ukubwa tofauti tofauti. Mtafiti anayetoa picha ya chupa moja ya kahawia bado hajaonyesha kwamba anaweza kuirudia kazi yake.

Jambo la pili ni madai ya kuua bakteria. Fedha huua kweli: ioni zake hushika protini za bakteria, hasa penye salfa, na kuharibu utando wa seli. Lakini nitrati ya fedha nayo huua, na mwarobaini wenyewe una nguvu dhidi ya vijidudu. Kwa hiyo kwenye sahani ya kuoteshea bakteria viwekwe vidonge vinne vya karatasi: kimoja chenye chembe zilizooshwa kwa sentrifuji, kingine chenye maji ya majani peke yake, cha tatu chenye nitrati ya fedha yenye kiasi kile kile cha fedha, na cha nne chenye maji matupu. Bila hivyo, duara jeupe lisilo na bakteria halituambii ni nani aliyeua.

Matumizi ya fedha yenyewe hayana shaka. Imo katika bandeji za vidonda na katika mipira ya mkojo ya hospitalini. Vichujio vya maji vya udongo vilivyobuniwa na Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981 hupakwa fedha ili kudhibiti vijidudu. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hadi miligramu 0.1 ya fedha kwa lita inaweza kuvumilika bila madhara. Kunywa fedha kama dawa ni jambo jingine kabisa: ikirundikana mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo haitoki. Kutengenezwa kwa jani hakuiondolei chembe tabia hiyo.

Mwarobaini umejaa kwenye nyua zetu, na kazi hii haihitaji mitambo mikubwa kuianza. Hiyo ni nafasi ya kweli kwa maabara za vyuo vyetu. Ili tuitumie vizuri, kila ripoti ieleze jani lilichumwa lini na wapi, ionyeshe matokeo ya michumo kadhaa, na ipime fedha iliyobaki kama ioni. Mwenye kiwanda cha vichujio au bandeji ataweza kuijenga bidhaa yake juu ya ripoti ya namna hiyo.