Dinosaria Hupimwa Kidole Kinapoachia

Kinachosifiwa siku hizi katika gemu za dinosaria ni ngozi na meno. Mtu akiona magamba yanang'aa na kusikia mngurumo kwenye spika, anatangaza kuwa gemu ni kali, ilhali pedi hata hajaishika. Sifa hizo zingefaa filamu. Kwenye vibanda vya filamu vya Kampala, ambako veejay huwasemea waigizaji wote, macho na masikio yanatosha. Gemu ya kuruka huhukumiwa kwa kidole, tena kwa jambo ambalo wageni hulipita bila kuliona: kinachotokea kitufe kinapoachiwa.

Mgeni hutazama mruko unavyoanza, lakini kuanza kila gemu inaweza. Mnyama akishakuwa hewani, je, bado anakusikia? Tangu Super Mario Bros. ya 1985, kugusa kitufe kidogo huleta mruko mfupi, kukishikilia huleta mrefu. Katika Yoshi's Island ya 1995 Nintendo ilisonga mbele zaidi: ukishikilia, Yoshi hurusha miguu hewani, hujikakamua, hupanda tena kidogo. Hapo mchezaji anapata nafasi ya kujirekebisha baada ya kukosea, na kosa linabaki kuwa lake. Watengenezaji walaghai hukwepa kazi hii. Hukupa mruko wa urefu mmoja, ubonyeze utakavyo, kisha hufunika udhaifu huo kwa vumbi, skrini inayotikisika na rangi nyingi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo ndani ya kivinjari cha Chrome. Tangu 2014, intaneti ikikatika, T-Rex mdogo wa kijivu hujitokeza. Uganda ilipozimiwa intaneti jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, hadi tarehe 18, yeye hakuhitaji kibali cha mtu. Hana magamba wala meno ya kutisha. Lakini achia kitufe mapema, mruko unakatika. Bonyeza mshale wa chini akiwa hewani, anashuka kwa kasi mara tatu. Waliomtengeneza walifikiria kumpa teke la kuanzia na mngurumo, wakaishia kubakiza kukimbia, kuinama na kuruka. Huo ndio ufundi: kujua cha kuacha. Waigaji wake wa kwenye simu huanzia pale wenzao walipokataa, kwenye mngurumo.

Kuna watakaosema kwamba huyu hana majukwaa, anakimbia tu kwenye nchi tambarare. Ni kweli, na simhesabu kwenye ukoo wa gemu za majukwaa. Kipimo cha mruko kinabaki kilekile. Pingamizi lenye uzito ni jingine: dinosaria ni tani kadhaa, kwa hiyo gemu inayochelewa kuitikia inasema kweli. Wapi! Uzito uonekane anapotua, magoti yakikunjika na mkia ukifuata kwa kuchelewa. Ukiwekwa kati ya kidole na mruko, huo si uzito, ni uzembe. Raptor wa Jurassic Park ya Mega Drive ya 1993, gemu iliyokuruhusu kumchagua mnyama badala ya binadamu, Dk. Grant, aliruka mbali na juu bila kusitasita, na hakuna aliyemwona kuwa karatasi. The Lost World ya PlayStation ya 1997 ilikuwa na fahari zaidi: ulianza ukiwa Compsognathus mdogo, ukafika hadi T-Rex, huku muziki wa Michael Giacchino ukipigwa na okestra halisi. Picha zilisifiwa sana. Ugumu wake ukalalamikiwa hata mwaka uliofuata likatoka toleo maalumu lililoulegeza. Hata hivyo ilikuwa gemu yenye wivu wa fani, ya enzi ambayo CD moja ilipaswa kukutosha likizo nzima.

Basi kabla ya kulipa, puuza ukurasa wa picha. Ruka mara kumi papo hapo, kila mara ukiachia mapema kidogo zaidi. Miruko ikitoka yote sawa, achana nayo. Ila jaribu kwa kibodi nzima: kitufe cha nafasi kilichochakaa kwenye mashine za kukodi hurudi juu kwa kuchelewa, na gemu njema itaonekana mbovu.