Weusi wa Wingu Si Ahadi ya Mvua

Mwishoni mwa Oktoba, jua likishaelekea magharibi, mtu aliye kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde pale Newala, mkoani Mtwara, akitazama upande wa Masasi huona mawingu meusi. Saa hiyohiyo, aliye Masasi akiutazama uwanda huona mawingu ya Newala yaking'aa kwa weupe. Wa Newala atasema Masasi kunataka kunyesha, na wa Masasi atasema Newala ni kukavu, ilhali mawingu yote yanaweza kuwa na unene uleule na maji yaleyale. Tofauti imeletwa na jua. Wa Newala analitazama wingu huku jua likiwa nyuma ya wingu hilo, kwa hiyo anaona upande wenye kivuli. Wa Masasi amelipa jua mgongo, anaona upande uliomulikwa. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu huo ndio msimu wa kuokota na kuanika korosho, na korosho iliyoloa ikafika ghalani na unyevu hushuka daraja na bei. Hoja yangu ni kwamba rangi ya wingu hutueleza njia iliyopitiwa na mwanga. Habari ya mvua imo ndani ya rangi hiyo, lakini ni lazima kwanza tuichambue.

Tuanze na weupe. Hewa yenyewe ina chembe ndogo mno kuliko wimbi la mwanga, nazo hutawanya zaidi rangi ya buluu. Ndiyo maana anga lisilo na wingu ni la buluu. Kitone cha wingu ni kikubwa zaidi: kipenyo chake ni karibu sehemu mbili za mia za milimita, makumi ya mara ya urefu wa wimbi la mwanga. Kitone cha ukubwa huo hutawanya rangi zote karibu sawa, na rangi zote zikichanganyika hutoa weupe. Wekundu wa mawingu ya machweo nao hautoki ndani ya wingu. Mwanga wa jioni umesafiri masafa marefu hewani, buluu imetawanyika njiani, na wingu linarudisha wekundu uliobaki. Wekundu huo hausemi lolote kuhusu wingi wa maji.

Weusi huja wingu linapokuwa nene. Wingu la mita mia chache hupitisha sehemu kubwa ya mwanga hadi chini. Likifikia kilomita kadhaa, mwanga mwingi hurudishwa juu na kitako kinabaki gizani. Abiria wa ndege akilitazama wingu hilohilo kutoka juu hulikuta jeupe kabisa. Masasi na Newala ziko karibu na nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 21 Oktoba na tarehe 20 Februari. Siku hizo wingu lililo juu ya kichwa saa sita mchana hutuonyesha kitako tu, na hata wingu la kawaida huonekana zito kuliko lilivyo. Ndiyo kusema kwamba Oktoba, mwezi ambao mkulima wa korosho anaogopa mvua kuliko miezi mingine, ni mwezi ambao rangi ya adhuhuri inaweza kumtisha bure.

Hata unene wenyewe hautoshi. Kitone cha wingu huanguka kwa takriban sentimita moja tu kwa sekunde, na hewa inayopanda hukizuia kirahisi. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita mbili lina ujazo wa vitone milioni moja vya aina hiyo. Ili mvua inyeshe, vitone lazima vigongane na kuungana, au wingu lipande hadi kwenye baridi ya barafu, karibu kilomita tano juu katika ukanda wetu, ambako chembe za barafu hukua upesi. Ushahidi ulio wazi ni ukungu wa Newala wakati wa kusi. Upepo kutoka baharini hupanda polepole juu ya uwanda, ambao upande wa Newala hupita mita 700. Hewa inayopanda hupoa karibu nyuzi moja kwa kila mita 100 hadi unyevu wake unapogeuka vitone. Mji unafunikwa na kijivu, lakini kinachopatikana mara nyingi ni manyunyu yasiyojaza kisima cha nyumbani. Wingu hilo limetanda kwa upana bila kupanda juu, kwa hiyo vitone vyake havipati nafasi ya kukua.

Kuna atakayepinga kwamba wazee wa Makonde wamesoma mawingu kwa vizazi na mara nyingi wamepatia. Ni kweli, nami siwapingi. Lakini mzee makini hasomi rangi peke yake. Huangalia pia upepo umegeuka kutoka kusi kwenda kaskazi au bado, wingu linapanda au linatambaa, na kitako chake kimeshuka kiasi gani. Rangi ni shahidi mmoja kati ya wengi. Anayekosea ni yule anayerithi nusu ya elimu hiyo, akashika weusi na kuuacha upepo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: je, matone yakikua, wingu halizidi kuwa jeusi? Huzidi, kwa kiasi fulani. Chumvi ya mawe huonekana ya kijivu, lakini ukiisaga inakuwa nyeupe, ingawa ni chumvi ileile. Vivyo hivyo maji yaleyale yakiwa katika vitone vidogo vingi hurudisha mwanga mwingi, na yakiungana kuwa matone makubwa hurudisha mwanga kidogo. Kwa hiyo kuna weusi wa mvua. Shida ni kwamba jicho haliwezi kuutenga na weusi wa unene, wa kivuli cha wingu jingine au wa mahali jua lilipo. Moshi wa kusafisha mashamba kabla ya mvua huongeza utata huo, kwani chembe zake huzidisha idadi ya vitone vidogo, wingu likawa jeupe zaidi na vitone vikachelewa kuungana.

Wengine watasema basi tuachane na macho, tusikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa hatari kubwa, nakubaliana nao. Aprili 2019 Mtwara na Lindi zilitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth kabla hakijatua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Rangi ya anga la Masasi isingeweza kutoa onyo la mapema kiasi hicho. Hata hivyo utabiri wa mkoa mzima hauwezi kusema kama wingu moja la alasiri litanyesha katika kata ya Chiungutwa, Masasi, au litapita. Hapo jicho bado lina kazi. Kabla ya kukusanya korosho zilizoanikwa, mkulima ajiulize kwanza jua liko upande gani, kisha alitazame wingu kwa nusu saa aone kama kilele chake kinapanda na kama linasogea kuja kwake. Wingu jeusi lisilopanda, lenye jua nyuma yake, lisimharakishe. Wingu jeupe linalorefuka kwa kasi upande unakotoka upepo ndilo la kuogopa, hata kama hakuna aliyeliona kuwa la mvua.