Sifa ya Mwigizaji Asiye na Kinyago

Katika mwambao wetu wa kusini, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, ambako Wamakonde wa ng'ambo zote mbili walichezeana ngoma kabla ya wageni kuufanya mto huo kuwa mpaka wa dola, sijaona mwigizaji wa kumshinda mcheza lipiko, yaani kinyago cha ngoma. Kichwani huvaa kinyago cha mti mwepesi, chenye sura ya bibi kizee mwenye ndonya mdomoni, au ya Mzungu, au ya karani mwenye makuu; mwili wote huusitiri kwa nguo, kisha husimama kimya akizisikiliza ngoma ndogo za vinganga, mpaka mabega yaanze kumtetema kidogo kidogo, njuga zimwitikie miguuni, na ngoma inapokatika naye hukatika papo hapo, asizidishe hata hatua moja. Hasemi, wala uso wake hauonekani. Lakini hadhira nzima imekwisha kumfahamu yule bibi kizee, tabia yake na kiburi chake, na jirani yao aliyemo ndani wamemsahau.

Kwa mizani hiyo ndivyo ninavyompima Bibi Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye jukwaani na katika filamu amefanya kwa uso mtupu yale ambayo mcheza lipiko huyafanya kwa msaada wa mchongaji. Katika filamu ya Maangamizi, ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar, yeye ndiye Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye kwa miaka 20 hajatamka neno. Ni mtihani mzito kwa msanii aliyelelewa na jukwaa, kwani jukwaani sauti hupazwa imfikie aliyeketi nyuma kabisa, ilhali kamera husogea karibu mno, hata ukope ukipepesa bila sababu uongo hudhihirika. Basi kumwamini mtu asiyesema, na kuyasikia maumivu yake katika kule kunyamaza, kwangu mimi ndio upeo wa kazi hii.

Vitabu vyake navyo vina hadhi yao, hasa Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, tamthilia aliyoitoa katika kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal. Lakini kinachonifanya nimstahi zaidi ni kwamba elimu hii ya uigizaji hakuihodhi: yeye na mwandishi mwenzake wa tamthilia, Bibi Penina Muhando, ndio walioanzisha mpango wa Tuseme mwaka 1996, ambamo wasichana wa sekondari huyachambua wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia mchezo, wakauigiza mbele ya walimu wao, na Bibi Penina alipokuja kuliongoza FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana barani Afrika, utaratibu huo ulienea katika shule za nchi nyingine za Afrika.