Kicheko cha Kibandani na Kicheko cha Mtandaoni: Uhakiki wa Who Killed Captain Alex?

Sinema ya Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?", ilitengenezwa Wakaliga, katika eneo la Nateete hapa Kampala, ikatolewa mwaka 2010. Mwongozaji wake ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, anayejulikana zaidi kwa jina la Nabwana I.G.G. Studio yake ni Ramon Film Productions, ambayo dunia imezoea kuiita Wakaliwood. Gharama inayotajwa ya kuitengeneza sinema hiyo ni chini ya dola 200. Tangu ilipowekwa nzima kwenye YouTube mwaka 2015 imetazamwa mara mamilioni, na karibu kila aliyeitazama ana la kusema.

Maoni yanayosikika mara nyingi ni ya aina tatu. La kwanza ni la watazamaji wa mbali: kwamba sinema hii ni mbovu kiasi kwamba imegeuka kuwa nzuri. La pili ni la baadhi yetu tuliosoma hapa nyumbani: kwamba inatuaibisha mbele ya wageni. La tatu ni la wapenzi wa matamasha ya sanaa: kwamba ni ushahidi wa moyo wa watu maskini wasiokata tamaa. Maoni haya yanapingana, lakini kwa mtazamo wangu yana kosa moja. Yote yanaihukumu picha na kuisahau sauti. Kwa kuisahau sauti, yanaisahau pia hadhira iliyokusudiwa kuisikia. Insha hii inajaribu kuirudisha hadhira hiyo mahali pake, kisha kuonyesha hasara iliyotokea mwaka 2018 sauti hiyo ilipochukuliwa bila mwenyewe.

Kwa ufupi, kisa ni hiki. Kapteni Alex anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Ndugu yake Richard anakamatwa, naye Richard anaapa kulipiza kisasi. Kisha Alex anakutwa amekufa. Nduguye, Bruce U, bingwa wa kung fu, anafika kumtafuta muuaji. Baadaye helikopta iliyoundwa kwa kompyuta inayalipua majengo ya Kampala. Sinema inaisha bila kutuambia nani alimuua Alex.

Mtu akiitazama kwa macho tu, kasoro ni rahisi kuzihesabu. Helikopta haina uzito. Bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu. Sehemu ya katikati inachechemea, kwa kuwa mapigano yanarudiwa kabla kisa hakijasogea. Wahusika wa kike ni wachache na hawana kina. Sioni sababu ya kuzificha kasoro hizi. Lakini mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kuishia kwenye maandishi ya ngano na kudai ameihakiki ngano. Lazima aulize: nani alitamba, mbele ya nani, na waliokuwapo walijibu nini? Maswali hayohayo ndiyo yanayofaa hapa, kwa sababu sinema hii ina mtambaji. Anaitwa VJ Emmie.

VJ ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya mchekeshaji wa video. Kazi hiyo ilikua katika kumbi ndogo za video ambazo Waganda huziita bibanda, neno lililo ndugu wa vibanda vyetu vya Kiswahili: mabenchi, televisheni, kiingilio kidogo na watu waliobanana. Sinema zilitoka Hong Kong, India na Marekani, na wengi waliokaa kwenye mabenchi hawakuzijua lugha zake. VJ alishika kipaza sauti akawafasiria kwa Kiganda. Hakufasiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, akawatania wajinga, akaonya kwamba hatari inakuja, na pale kisa kilipolegea alikitilia chumvi. Baadhi yao, kama VJ Jingo, walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji waliowasimulia. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, wote wakisimulia kwa Kiswahili. Hata Japani, enzi ya sinema zisizo na sauti, palikuwa na wasimulizi wa namna hiyo walioitwa benshi. Kwa hiyo si kituko cha Nateete peke yake. Ni utanzu wenye kanuni zake.

Nabwana mwenyewe alilelewa na usimulizi huo. Ameeleza mara kadhaa kwamba utotoni hakuwa akienda sinema. Kaka zake walikwenda, kisha wakirudi wakamsimulia walichokiona. Maana yake ni kwamba kabla hajawa mtengenezaji wa picha alikuwa msikilizaji wa ngano. Mambo yanayochekwa mtandaoni yanaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka hilo. Katika ngano, shujaa hutokea pale anapohitajika, jitu huuawa na kurudi, na hakuna anayedai maelezo. Msikilizaji anataka tukio na namna ya kulisema.

Sasa tumsikilize VJ Emmie kwa masikio ya darasani. Anapotangaza kwamba kila mtu Uganda anajua kung fu, hiyo ni chuku, na ni chuku inayojicheka yenyewe, maana hakuna mtu Nateete anayeiamini. Anaporudia neno "kamando" kila askari atokeapo, hiyo ni takriri, na kazi yake ni ileile ya kiitikio: kuiamsha hadhira na kuipa neno la kushika. Anapomkejeli mhusika aliyetoka tu kujigamba, anafanya kazi ya mtambaji anayejitenga na mhusika wake ili wasikilizaji wajue yuko upande wao. Muhimu zaidi, anaicheka sinema yenyewe kabla mtazamaji hajaanza kuicheka. Anayesema kwamba watengenezaji hawakujua kuwa inachekesha ameyaziba masikio. Mhakiki wa kwanza wa Who Killed Captain Alex? yumo ndani yake, anazungumza tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata mwisho usio na jibu unaweza kuangaliwa upya. Wengi wamelihesabu hilo kuwa sahau ya mwandishi. Huenda ni sahau kweli. Sina haja ya kumpamba mtunzi kwa nia ambayo hakuitaja. Lakini ngano zinazoisha kwa swali ni nyingi katika fasihi zetu, na kazi ya swali hilo ni kuwapa wasikilizaji kitu cha kubishania wakati wa kurudi nyumbani. Mtu anayetazama peke yake kwenye simu hana wa kubishana naye, hivyo swali humwangukia kama upungufu.

Hapa panajitokeza jambo ambalo watetezi wa Wakaliwood, nikiwa mmoja wao, hulipita haraka. Nakala ambayo dunia inaijua ina sauti ya VJ Emmie kwa Kiingereza. Waigizaji wanazungumza zaidi Kiganda; msimulizi anawafasiria wageni. Kibandani, VJ aliichukua dunia akaileta Nateete. Kwenye YouTube anaichukua Nateete na kuipeleka duniani. Mwelekeo umegeuka, na pamoja nao hadhira imebadilika. Zaidi ya hayo, nakala ya awali isiyo na msimulizi haipo tena: iliyobaki ni hii yenye sauti yake. Kwa hiyo sauti hii si kiungo cha ziada ambacho mtu anaweza kukitoa ili aione sinema "halisi". Sinema halisi tuliyo nayo ndiyo hii, na mlango wake ni mtu mmoja anayewakaribisha wageni kwa utani.

Mgeni anayekaribishwa kwa utani ana wajibu wa kuujua mpaka wake. Wengi waliujua. Trela ilipowekwa mtandaoni mwaka 2010, ilimfikia Alan Hofmanis wa New York mwishoni mwa mwaka 2011. Alifunga safari kuja Kampala na hatimaye akawa mshirika wa Nabwana. Mashabiki walichanga pesa: mwaka 2015 Wakaliwood iliomba dola 160 tu kupitia Kickstarter ikapata zaidi ya dola 13,000. Wageni wamefika Wakaliga na kupewa nafasi ya kufa mbele ya kamera. Mwaka 2019 sinema ya Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka 2022 Wakaliga Uganda ilishiriki maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ingekuwa uongo kusema kwamba mtandao ulileta dharau tupu.

Lakini mwaka 2018 ulileta jambo jingine. VRChat ni programu ambamo watu huingia katika vyumba vya kubuni wakiwa wamevaa maumbo ya vikatuni na kuzungumza kwa sauti zao. Mwezi Januari mwaka huo vyumba vyake vilijaa watu waliovaa umbo fupi jekundu la Knuckles, mhusika wa michezo ya Sonic, wakiigiza Kiingereza cha Kiganda, wakitoa sauti za kutema mate, na kuwauliza watu kama wanaijua njia. Mzaha huo uliitwa "Ugandan Knuckles". Chimbuko la lafudhi yake lilikuwa kwa mashabiki wa Forsen, Mswidi anayerusha michezo ya kompyuta moja kwa moja, ambao walikuwa na mazoea ya kunukuu Who Killed Captain Alex?. Kwa njia hiyo, sauti ya kibanda cha Nateete ilifika katika vinywa vya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuitazama sinema yenyewe. Baadhi waliwazunguka wachezaji weusi na kuwakejeli. Wengi waliulaani mzaha huo kuwa ni ubaguzi wa rangi. Wengine walijibu kwamba ni utani tu.

Hoja ya "utani tu" haifai kudharauliwa, kwa sababu VJ Emmie naye anatania, na anawatania Waganda. Kwa nini basi kicheko kimoja kiwe halali na kingine kiwe tusi? Jibu la haraka ni kwamba mmoja ni Mganda na wengine si Waganda. Jibu hilo halinitoshi. Wapo Waganda wanaowadharau wenzao, na wapo wageni wanaocheka vizuri. Tofauti naiona katika nafasi ya kujibu. Kibandani, msimulizi na wasikilizaji wako chumba kimoja. Akivuka mpaka, atazomewa. Akichosha, watu watatoka. Utani una mtu wa kuupinga. Katika vyumba vya VRChat aliyechekwa hakuwapo. Ili awepo alihitaji kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika na intaneti ya kutosha, vitu ambavyo wakazi wengi wa Nateete hawana. Na mwaka huohuo, kuanzia tarehe 1 Julai, Mganda alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kila siku ili aingie tu kwenye WhatsApp, Facebook au Twitter. Wakati lafudhi yake ilipokuwa ikisafiri bure, yeye mwenyewe alitozwa mlangoni.

Jambo la pili lililopotea ni ufundi. Waigaji walichukua lafudhi na kuacha chuku, takriri na kejeli. Walichobaki nacho ni sauti isiyosimulia kitu. Anayemwiga mtambaji kwa kukohoa kama yeye hajatamba ngano. Kwa kigezo hicho, "Ugandan Knuckles" haikukosea adabu peke yake; ilikuwa pia usimulizi mbaya. Nadhani uamuzi huu unapaswa kutolewa na wahakiki, si na watetezi wa heshima ya taifa tu.

Nirudi kwa maoni yale matatu. Anayesema "mbovu mpaka nzuri" anadhani kicheko chake ni ugunduzi wake, ilhali alialikwa kucheka. Anayeona aibu anaitazama Nateete kwa macho ya mtu wa VRChat, kisha anamlaumu Nabwana kwa alichokifanya mwingine. Nilikuwa mmoja wao: mara ya kwanza niliitazama sinema hii kwa simu na vipokea sauti, nikacheka helikopta, kisha nikatamani mgeni asiione. Niliporudia kuitazama pamoja na wenzangu chumbani, walicheka mahali tofauti. Hawakuicheka helikopta. Walicheka VJ alipomsema mtu aliyekuwa akijigamba, na mmoja wetu alimjibu kwa sauti kana kwamba yupo mle chumbani. Na anayesifu moyo wa maskini anasema la kweli, ila anausifu umaskini mahali ambapo angesifu umbuji.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa kwamba fasihi simulizi inabadilika pamoja na jamii, kisha katika mitihani tunatoa mifano ileile ya bibi, moto na jioni. Lufufu, DJ Afro na ma-VJ wa Kampala wamewatambia watu wengi, papo kwa papo, katika lugha za watu hao. Kazi zao zinahifadhiwa vibaya. Ya Kapteni Alex imenusurika kwa bahati. Tukizinukuu, tukaandika wasikilizaji walicheka wapi na walijibu nini, tutakuwa na cha kumwonyesha mtu atakayetuambia tena kwamba ile ilikuwa lafudhi ya kuchekesha tu.