Huyo Ntu Anacheka au Anachekwa?

Mwezi wa kumi nilikuwa Newala kwa mjomba, msimu wa korosho umepamba moto. Mchana tulikaa barazani tunachambua korosho kwenye jamvi, nzuri huku, zenye madoa kule, na mimi nikaegemeza simu kwenye debe ili tupate cha kutazama. Bando langu lilikuwa linakwisha usiku huo, nikaona bora likwishe kwa faida. Nikafungua video ya mchekeshaji mmoja mkubwa wa Dar. Simtaji jina, maana siku hizi wengi wanarekodi kwa mtindo huo huo: yeye na washkaji watatu ndani ya gari, simu imebandikwa mbele, hakuna skripti, hakuna jukwaa, wanapiga stori tu huku wakisubiri foleni isogee.

Mjomba alicheka, na hilo nataka niliseme mapema. Alicheka stori ya deni la dukani, akacheka stori ya mshkaji aliyekwenda ukweni na viatu vya kuazima. Halafu mchekeshaji akamwigiza mlinzi wa pale anapoishi, "Mmakonde mmoja hivi", kwa ile lafudhi ambayo kila Mtanzania anadhani anaiweza. Washkaji wakafa kwa kicheko. Mmoja akalipiga gari kofi. Mjomba akaacha kuchambua, akasogeza uso karibu na simu, akaniuliza: "Mwipwangu, huyo ntu anacheka au anachekwa?"

Mjomba alikuwa mlinzi Dar kwa miaka kumi na moja.

Watu wanadhani mwenye kipindi cha namna hii ni mchekeshaji. Mimi naona wenye kipindi ni washkaji. Yeye anarusha maneno. Wao ndio wanaotuambia lipi ni la kuchekesha, kwa kucheka kabla halijaisha. Ukiondoa sauti zao, nusu ya vichekesho vile vinabaki mazungumzo ya kawaida ya watu waliochoka na joto. Kazi yao naijua kwa sababu nimeifanya. Nilipoingia chuo nilijifunza kusema "mtu" badala ya "ntu" ndani ya muhula mmoja, na chumbani mwetu bwenini, jamaa mmoja alipokuwa akimwigiza Mmakonde, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kucheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nalipa kiingilio.

Sisi tuliokua na Ze Comedy kwenye EATV, na baadaye Orijino Komedi kwenye TBC1, tulizoea kitu kingine. Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu walikuwa kundi la marafiki pia, lakini sisi mbele ya TV tuliletewa wahusika. Lucas Mhuvile, yaani Joti, akivaa gauni na kujitanda kanga, anazaliwa bibi kizee mwenye ubishi wake na neno la kumjibu anayemdharau. Nao waliigiza lafudhi za makabila, tena sana tu, siwasafishi. Ila mhusika alipewa dakika kadhaa za kuishi. Aliyemwigiza ilibidi avae nguo zake, atembee kama yeye, atafute angalau kitu kimoja anachokitaka. Mlinzi wa kwenye gari alipewa sekunde ishirini, na hakupewa hata jibu moja.

Kwetu mambo haya si mageni. Mcheza mapiko anaingia uwanjani na kinyago kichwani, anaweza kumwigiza askari, mzungu, mlevi, mkubwa wa kijiji. Kwa asiyepita jando, yule si mtu. Lakini anatoka jasho mbele ya wale wale anaowaigiza, nao wamemzunguka. Utani wa makabila pia una sheria hiyo. Mnyamwezi na Mzaramo wanatupiana maneno makali hata msibani, ila ana kwa ana, na kila mmoja ana haki ya kurudisha. Video ya kwenye gari ni utani uliokatwa upande mmoja. Na kinyago hakuna. Tunaambiwa hapa mchekeshaji ni yeye mwenyewe, mtu wa kawaida na rafiki zake. Sasa akimdharau mlinzi, nani wa kulaumiwa? Kwenye mchezo tungemlaumu mhusika.

Lakini sitaki kuonekana mzee wa "enzi zetu". Ule ukawaida una nguvu ambayo TV haikuwa nayo. Mei 2020 Idris Sultan alikamatwa na polisi baada ya kusambaa kwa video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Hakuvaa gauni, hakuigiza. Alicheka tu, kama ambavyo mtu yeyote anacheka akiwa na simu yake. Kicheko kile kilitosha kumfikisha mahabusu. Kwa hiyo tusiseme video hizi ni za kipuuzi. Kumcheka aliye juu kuna gharama, na wapo walioilipa. Kumcheka mlinzi hakugharimu kitu, ndiyo maana nashangaa watu wenye uhuru kama ule wanautumia getini kwao.

Kuna kitu kimoja ndani ya video ile nimekirudia mara tatu. Baada ya kicheko kupoa, mshkaji wa siti ya nyuma, yule anayesema kidogo kuliko wote, anauliza: "Kwani anaitwa nani yule mzee?" Mchekeshaji anageuka. Hajui. Panapita kimya cha kama sekunde mbili, halafu mtu anataja mpira na safari inaendelea. Kwangu zile sekunde mbili ndizo sehemu bora ya kipindi kizima. Mtangazaji mzuri angezishika. Angesema, "Kesho tumuulize," na kesho yake mzee angekaa siti ya mbele, apewe maiki, awaigize wao wanavyorudi saa tisa usiku na kushindwa kupaki. Mjomba anayo mengi ya namna hiyo. Miaka kumi na moja getini si mchezo.

Siku mbili baadaye nilishuka Masasi kupanda basi. Pale stendi, chini ya yale majabali, vijana wanne walikuwa wanarekodi kwa simu iliyopasuka kioo. Wamakua, Wayao na Wamakonde wamechanganyika, na kila mmoja anamwigiza mwenzake aliyesimama hapo hapo. Dereva wa bodaboda akaingilia kutoka nje ya picha, akamtania anayerekodi, na hawakumkata. Halafu mmoja akamwigiza mtu wa Dar aliyekuja msibani juu Newala, anaulizia bomba la kuogea kwenye uwanda ambao shida yake ya maji ina umri tangu mkoloni. Alisema "mtu" kwa ufasaha kabisa, kila herufi mahali pake. Nilijitambua. Nikacheka mpaka konda akanigusa bega.

Nimeitunza kwenye simu. Mjomba hana bando, nitamwonyesha nikirudi.